Mbegu ni Amana: Nyanya za Asili katika Ua wa Segerea

Kila alfajiri, kabla jua halijawa kali juu ya miembe ya Segerea, wenye magenge huwa wamekwisha kurejea kutoka Soko la Ilala na matenga yao ya nyanya, wakazipanga mezani mafungu mafungu, na mpishi apitaye kutafuta mboga ya mchana hununua fungu moja bila kujiuliza tunda lile limetoka wapi wala ni la ukoo gani. Aghalabu limetoka mbali: Ilula katika mkoa wa Iringa, safari ipitayo kilomita 400, au Mgeta katika milima ya Uluguru, au Lushoto katika milima ya Usambara, ambako ubaridi wa mlimani huipa nyanya raha isiyopatikana pwani. Biashara hiyo ni riziki ya watu wengi, na makala haya hayakusudii kuitia dosari. Shabaha yake ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho mpishi hukimwaga pamoja na maji ya kuoshea kisu, nacho ni mbegu.

Dai langu ni hili: mbegu ya nyanya iliyo ya Segerea kwa hakika haiuzwi dukani. Itapatikana kwa mtu wa Segerea kupanda, kuchagua, kuhifadhi na kupanda tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka mbegu iwe ya hapa. Wengi wetu tulihamia kitongoji hiki kutoka mikoa mbalimbali, tukajenga, tukazaa, na watoto wetu wakiulizwa kwao ni wapi hujibu bila kusita kwamba kwao ni Segerea. Mmea nao una njia hiyohiyo ya kupata uenyeji, lakini hauwezi kuifuata pasipo mkono wa binadamu.

Mgeni aliyepata uenyeji

Nyanya si mzawa wa Afrika. Jamaa zake wa porini wangali wakiota magharibi ya Amerika ya Kusini, katika nchi za milima ya Andes, na inasadikiwa kuwa kilimo chake kilikamilishwa Meksiko, ambako Waazteki waliliita tunda lile xitomatl. Wahispania walipoishinda dola ya Waazteki mwaka 1521, mbegu zilivuka bahari pamoja na dhahabu, na kufikia mwaka 1544 tabibu wa Kiitaliano, Pietro Andrea Mattioli, alikuwa amekwisha kulitaja tunda hilo katika maandiko yake. Watu wengi wa Ulaya waliliogopa kwa muda mrefu, kwa kuwa liliwakumbusha mimea yenye sumu ya jamaa yake. Hofu ile haikukosa sababu, maana ukoo wa nyanya umechanganya wema na wabaya: biringani, pilipili, kiazi mviringo, tumbaku, na nyanya chungu, ambayo ni mzaliwa halisi wa bara letu.

Mgeni huyu alipofika kwetu alikirimiwa hata akasahaulika kuwa ni mgeni. Zanzibar huitwa tungule, na bara huitwa nyanya. Wala hakuna mchuzi wa samaki, maharage ya nazi au kachumbari ya harusi inayodhaniwa kuwa imetimia pasipo yeye. Walakini tumelipokea tunda, na mbegu tumewaachia wengine waitunze.

Urithi na chotara

Msomaji na aelewe tofauti baina ya mbegu za aina mbili. Mbegu ya asili, au ya kurithi, ni ile ambayo mzazi wake alizaa kwa chavua ya jamaa wa aina yake, vizazi kwa vizazi, hata tabia zikatulia. Ukiipanda leo na kesho ukapanda mbegu ya tunda lake, mtoto atafanana na mzazi. Chotara ni mbegu iliyotokana na kuoanisha kwa makusudi wazazi wawili wa nasaba mbili mbalimbali. Kizazi cha kwanza cha ndoa hiyo huwa na nguvu na hulingana, lakini ukizihifadhi mbegu zake, wajukuu hutawanyika kitabia, huyu akamrudia babu, yule akamfuata bibi, mwingine asifanane na yeyote. Kanuni hiyo ilielezwa na mtawa Gregor Mendel katika chapisho lake la mwaka 1866, kwa majaribio ya njegere, na haijatanguka hadi leo.

Haki na itendeke: chotara si adui. Nyingi huzaa sana na hustahimili maradhi, na mkulima wa ekari mbili mwenye deni la pembejeo ana sababu njema ya kuzinunua. Lakini anayezitumia hana budi kurudi dukani kila msimu, na mwenye ua wa nyumba ambaye hatafuti faida ya soko hana dharura hiyo. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Na utumwa wa mbegu ni mwepesi kuuingia, kwa sababu hauanzi kwa mnyororo, huanza kwa usahaulifu.

Aina zinazohifadhika zimo nchini na majina yake si mageni. Money Maker ni nyanya ya zamani ya Kiingereza, yenye mche mrefu unaotambaa juu ya mti. Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925, kwa hiyo imekwisha kumzika karibu kila mtu aliyekuwapo siku ya kuzaliwa kwake. Roma yenye umbo la yai inajulikana kwa nyama nyingi na maji machache. Mwaka 1997, kwa ushirikiano wa kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru, karibu na Arusha, na Kituo cha Mboga cha Dunia, zilitolewa aina mbili zilizoenea katika mashamba ya Tanzania: Tanya na Tengeru 97. Hizi mbili ni changa kiumri, lakini si chotara. Mbegu zake huzaa zinazofanana nazo, na ni juu yetu kuzifanya kuwa urithi. Juu ya hizo kuna vinyanya vidogo vya kienyeji, vyenye ukubwa wa gololi, viotavyo jalalani na kando ya makaro bila kupandwa na mtu. Anayeving'oa kwa kuvidharau hung'oa mmea uliokwisha kufaulu mtihani wa pwani peke yake.

Ng'ambo, mapenzi ya mbegu za kurithi yalipata sauti kwa njia ya kawaida kabisa. Mama mmoja wa Marekani, Diane Ott Whealy, alipewa na babu yake mbegu za ua na za nyanya ambazo wazee wake walizileta kutoka Ujerumani. Alipotambua kwamba babu akifariki mbegu nazo zingefariki, yeye na mumewe Kent walianzisha, mwaka 1975, chama cha kubadilishana mbegu kiitwacho Seed Savers Exchange, ambacho hadi leo hutunza maelfu ya aina. Chama hicho hakikuanzia katika maabara. Kilianzia katika kiganja cha mzee mmoja.

Tena iko siri ya ladha. Mwaka 2012 wataalamu walioongozwa na Ann Powell wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walidhihirisha kwamba wazalishaji wa mbegu, walipochagua kwa miaka mingi nyanya zinazoiva kwa rangi moja pande zote, walidhoofisha bila kujua kipengele cha urithi kinachoongeza utengenezaji wa sukari ndani ya tunda. Nyanya nyingi za kale, ambazo mabega yake hubaki ya kijani kibichi kabla ya kuiva, bado zina kipengele hicho kikiwa kizima. Basi mzee asemaye kwamba nyanya za utotoni mwake zilikuwa tamu kuliko hizi asidhaniwe kuwa amedanganywa na kumbukumbu.

Majira ya kupanda pwani

Kosa la kwanza la bustani nyingi za Dar es Salaam ni la kalenda. Mimi mwenyewe nilipanda mara ya kwanza mwezi wa Novemba, kwa kuvutiwa na mvua za vuli. Miche ilinenepa, ikatoa maua ya kupendeza, na yote yakapukutika mchangani bila kuacha tunda. Sababu yake nimeijua baadaye. Usiku ukizidi nyuzi 21 hivi za Selsiasi, chavua ya nyanya hudhoofika na ua huanguka; nasi Januari na Februari usiku wetu hubaki karibu na nyuzi 25. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, usiku hushuka hadi kama nyuzi 19, na hapo ndipo ua linaposhika. Kwa hiyo mtu wa Segerea na asie mbegu kitaluni baina ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, chini ya paa au turubai maana masika bado yana nguvu, ili miche ihamie bustanini mvua ikipungua, ichanue katika kipupwe, na matunda yaive Agosti na Septemba kabla joto halijarejea.

Kitalu si lazima kiwe cha gharama. Sanduku la mbao, beseni lililotoboka au chupa za maji zilizokatwa hutosha. Changanya sehemu tatu za udongo mweusi, sehemu mbili za samadi iliyoiva vizuri, na sehemu moja ya mchanga. Kisha uunguze udongo huo kwa moto wa pumba, au uuanike juani ukiwa umefunikwa kwa nailoni angavu majuma kadhaa, ili vijidudu vya maradhi vife. Chora mistari yenye kina cha sentimita moja, sia mbegu kwa nafasi, fukia kidogo, tandaza nyasi kavu, na nyunyiza maji asubuhi na jioni kwa mkono mwepesi. Katika joto letu mbegu huchomoza baada ya siku tano hadi saba. Siku hiyohiyo ondoa nyasi, la sivyo miche itarefuka kwa kutafuta nuru na shingo zake zitakuwa nyembamba kama uzi.

Maji yana habari yake. Visima vingi vya jiji letu vina chumvi. Mmea mkubwa huistahimili chumvi ya kadiri, lakini mche mchanga hudhurika, basi maji ya mvua yaliyokingwa au ya bomba yawekwe kwa ajili ya kitalu. Na anayeishi karibu na bonde la Msimbazi asimwagilie mboga kwa maji ya mto ule, maana uchafu wa viwanda na wa majitaka umekwisha kuonekana humo mara nyingi, na madini mazito hayaondoki kwa kuosha jani.

Kuhamisha na kulea

Baada ya majuma matatu hadi manne, mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa muda wa juma moja, na upunguze maji ili ukomae. Uhamishe jioni, kamwe si adhuhuri. Chimba shimo la kina, changanya viganja viwili vya samadi au mboji, na uuzike mche mpaka karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya lina fadhila ya pekee, kwamba kila sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi. Nafasi ya sentimita 60 baina ya mche na mche hupitisha hewa na kuzuia ukungu. Asiye na ardhi na atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mche mmoja kwa kila ndoo; udongo wa Segerea ni wa kichanga mahali pengi, na mara nyingine mwenye ndoo humshinda mwenye kiwanja.

Aina ndefu kama Money Maker hutaka mambo. Simika mti wa urefu wa mtu, funga shina kwa kitambaa laini, na pogoa machipukizi yanayoota kwenye kwapa za majani yangali madogo. Aina fupi kama Roma na Tanya hazihitaji kupogolewa sana, ila ziegemezwe ili matunda yasiguse udongo. Maji yawe kwa kipimo kimoja kila siku, yamwagwe kwenye shina, si juu ya majani. Mmea ukikaushwa leo na kufurikishwa kesho, tunda hupasuka au huoza kitako. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina, na mchanga wetu utahifadhi unyevu kuliko ule wa jirani asiyetandaza.

Maadui ni wengi, na afadhali kuwajua kwa majina. Mnyauko wa bakteria huuangusha mmea ungali kijani, kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Kata kipande cha shina, kitumbukize katika bilauri ya maji safi, na ukiona uzi mweupe kama maziwa ukitiririka, basi ndio wenyewe. Ung'oe, uuchome, na mahali pale usipande nyanya wala ndugu zake kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au kunde. Rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani, huletwa na inzi weupe, basi kitalu na kifunikwe kwa chandarua chenye matundu madogo. Kantangaze, kipepeo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kuripotiwa Tanzania mwaka 2014, hutoboa jani kwa ndani na kuacha mabaka kama yaliyochomwa. Majani hayo yachumwe mapema na kuteketezwa, na maji ya mwarobaini yanyunyizwe magharibi. Mwenye miche kumi anao uwezo ambao mwenye ekari kumi hana, wa kutazama kila jani kwa macho yake.

Nyanya hujichavusha, kwa kuwa vifuko vya chavua vimelizunguka umbo la kike kama bomba. Ila ua hupenda kutikiswa. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba zetu hufanya kazi hiyo kwa mtetemo wa misuli yao ya kurukia; pasipo nyuki hao, gonga mti wa mambo taratibu asubuhi ua likiwa kavu.

Kuichukua amana

Sasa tumefika penye kiini. Wengi hula nyanya nzuri kuliko zote na kuhifadhi mbegu za zile zilizobaki. Hilo ni kinyume cha hekima. Tena usichague tunda, chagua mmea. Tunda kubwa juu ya mmea uliokwisha kuumwa ni zawadi ya bahati, lakini mmea uliosimama wakati wenzake wamenyauka, ulioshika maua usiku wa joto, na kuzaa mpaka mwisho, huo ndio uliokuonyesha nasaba yake. Ufunge utepe mwekundu mapema, na uwausie watoto wasiuguse. Ikiwezekana chukua mbegu kutoka mimea sita au zaidi ya aina moja, usitegemee mmoja, na usichukue kamwe kutoka mmea wenye mnyauko au rasta.

Liache tunda liive mpaka lilainike. Likate kwa upana, kamua mbegu na utelezi wake katika bilauri, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, na uache vichachuke siku mbili au tatu kivulini, ukikoroga kila siku. Harufu itakuwa mbaya, na povu jeupe litapanda, usichukie. Utelezi ule ndio unaoizuia mbegu isiote ndani ya tunda lenye maji, na uchachu huuvunja na kuua baadhi ya vimelea. Usizidishe siku, maana joto letu huweza kuziotesha mbegu humohumo. Kisha jaza maji: mbegu nzima huzama, mapepe na makapi huelea. Mwaga yanayoelea, suuza mpaka maji yawe safi, na uzianike juu ya sahani ya udongo au bati kivulini penye upepo, si juu ya karatasi, kwa sababu hung'ang'ania. Zigeuze mara kwa mara hata ziwe kavu na zenye manyoya kama mahameli.

Unyevu wa pwani ndio mwizi mkubwa wa mbegu. Zitie katika kichupa chenye mfuniko wa kubana, pamoja na kifuko cha majivu makavu au vipande vya mkaa, andika jina la aina na mwaka, na uweke mahali pa baridi penye giza. Zikitunzwa hivyo, mbegu za nyanya hudumu miaka minne au zaidi. Gramu moja tu ina mbegu zipatazo 300, yaani matunda machache ya mmea wako mmoja yanaweza kuutosheleza mtaa mzima.

Hapo ndipo mbegu inapoanza kupata uenyeji. Kwa kuwa nyanya hujichavusha, haibadiliki kwa haraka, na asiye na subira asitazamie muujiza kwa msimu mmoja. Lakini katika aina za kienyeji, ambazo zimebeba tabia nyingi zilizochanganyika, uchaguzi wa kila mwaka huendelea kuzichuja, na zile zisizostahimili joto la Dar es Salaam huachwa nyuma. Kazi hiyo hiyo, wakiwa na vyombo na elimu pana kuliko yetu, ndiyo iliyofanywa na wataalamu wa Tengeru. Nasi hatuna udhuru wa kudhani kwamba ni yao peke yao.

Nawasihi basi wakazi wa Segerea, na wa Kinyerezi, Bonyokwa, Temeke na Kinondoni: majirani watano wapatane, kila mmoja atunze aina moja, na wabadilishane mbegu baada ya mavuno, ili mche wa mmoja ukifa amana isife. Anayetaka kuziuza kibiashara afuate Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na kuonana na TOSCI, taasisi ya uthibiti wa ubora wa mbegu, kwa maana uaminifu wa mbegu ni uaminifu kwa tumbo la mwenzio. Watoto washirikishwe katika kuosha na kuandika majina, kwani urithi asioujua mrithi si urithi. Na msimu ujao, masika yakianza kulegea katika mwezi wa Mei, kila mwenye ndoo moja na kiganja cha samadi na asie mbegu.